Hasira na subira: Je, Maandiko Matakatifu yanajipinga?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MSOMAJI wa magazeti ya Kiswahili hahitaji kuelezwa maana ya maneno "wananchi wenye hasira kali". Akiyakuta katika aya ya kwanza ya habari, anajua kwamba kuna mtu amekwisha kufa. Ameitwa mwizi wa kuku, wa simu au wa pikipiki. Amekimbizwa, amepigwa kwa mawe na magongo, pengine amevishwa tairi na kuchomwa moto, na polisi wamefika wakati kazi iliyobaki ni kuupeleka mwili hospitali.

Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba hayatushangazi tena. Hata hivyo, ukiyatazama kwa makini yana jambo la ajabu. Muuaji ndani yake hana jina, hana umri wala makazi. Alichonacho ni hasira tu. Ni kana kwamba hasira yenyewe ndiyo iliyookota jiwe, na kwa kuwa hasira haipandishwi kizimbani, shauri limekwisha.

Kanda ya Ziwa inaujua msiba huu kwa uchungu wa pekee. Mbali na watuhumiwa wa wizi, kwa miongo mingi vikongwe, wengi wao wanawake, wamekuwa wakiuawa katika vijiji vya Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingine ushahidi pekee umekuwa ni macho mekundu, ambayo hupatwa nayo yeyote aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutolea moshi.

Na bado hii ni mikoa ya watu wa ibada. Ijumaa misikiti ya Mwanza mjini hujaa hadi uani, na Jumapili sauti za kwaya husikika kutoka mabonde ya Igogo hadi vilima vya Mabatini. Ni vigumu kuamini kwamba kila mkono uliorusha jiwe siku ya Alhamisi haukuwahi kufungua kitabu kitakatifu. Swali linakuja lenyewe: vitabu hivyo vinasema nini kuhusu hasira?

Ukiuliza, utapata majibu mawili. Mmoja atakwambia dini inakataza hasira kabisa. Mwingine atakukumbusha kwamba Nabii Musa alivunja mbao za sheria na Yesu alipindua meza za wafanyabiashara hekaluni. Kila mmoja ana aya yake, na kila mmoja anaweza kukuonyesha ukurasa.

Aya dhidi ya aya

Tuanze na mgongano wenyewe bila kuuficha. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya nne, mstari wa 26, Mtume Paulo anakubali kwamba waumini wanaweza kukasirika, ila anawataka wasitende dhambi na wala wasiiache hasira hiyo ilale nao baada ya jua kuzama. Mistari mitano tu mbele, katika mstari wa 31, Paulo huyo huyo anawaagiza waondoe kwao uchungu na hasira zote. Inakuwaje kitu kiruhusiwe hadi magharibi, kisha kikataliwe chote?

Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Yesu anaonya kwamba anayemkasirikia ndugu yake anastahili hukumu, na anayemwita mpumbavu yumo katika hatari kubwa zaidi. Lakini Injili ya Marko, sura ya tatu, inasimulia kwamba Yesu mwenyewe aliwatazama watu kwa hasira katika sinagogi, na Mathayo huyo huyo, katika sura ya 23, anamwonyesha akiwaita Mafarisayo wapumbavu.

Msomaji wa Kurani Tukufu naye hukutana na jambo la namna hiyo. Sura ya Al Imran, aya ya 134, inawasifu wanaozuia hasira zao na kuwasamehe watu. Sura ya Ash-Shura, aya ya 37, inawasifu wanaosamehe wanapokasirika. Lakini aya mbili mbele, ile ya 39, inawasifu wanaojitetea wanapodhulumiwa, na aya ya 41 inasema hao hawana lawama. Kisha aya ya 43 inarudi kwenye subira na msamaha na kuyaita mambo makubwa.

Zipo pia Hadithi za Mtume Muhammad. Katika mkusanyiko wa Imamu Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja aliomba nasaha, akajibiwa asikasirike; akarudia ombi lake mara kadhaa na jibu likabaki lile lile. Hata hivyo, Hadithi nyingine zinaeleza kwamba Mtume mwenyewe alionekana amekasirika mbele ya dhuluma au upotoshaji wa dini.

Lugha inapotuchanganya

Sehemu ya mgongano huu inatokana na tafsiri. Waefeso 4:26 ni mwangwi wa Zaburi ya nne. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 akizilinganisha sehemu hizo mbili atashangaa, kwa kuwa pale ambapo Waraka unataja hasira, Zaburi inataja hofu. Wafasiri hawakukosea. Neno la Kiebrania katika Zaburi lina maana ya kutetemeka, na mtu hutetemeka kwa hofu au kwa ghadhabu. Wayahudi walioitafsiri Zaburi kwa Kigiriki kabla ya zama za Yesu walichagua ghadhabu, na Paulo aliifuata tafsiri hiyo ya Kigiriki.

Jambo hilo si dogo. Yeyote aliyeona kundi la watu likimzunguka mtuhumiwa anajua kwamba hofu na hasira hukaa nyumba moja. Anayemwogopa jirani yake kuwa ni mchawi atasema amekasirika, kwa sababu hasira ina heshima kidogo mbele za watu na hofu haina.

Mathayo 5:22 nayo ina historia yake. Katika nakala nyingi za Kigiriki yapo maneno yenye maana ya "bila sababu": anayekasirika bila sababu ndiye anayestahili hukumu. Biblia maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyafuata maneno hayo. Katika baadhi ya nakala kongwe zaidi hayamo, na Tafsiri ya Muungano pia haina. Wataalamu wengi huona kwamba yaliongezwa na wanakili waliotaka kuupunguza ukali wa agizo. Tunaweza kuwaelewa wanakili hao. Lakini nani amewahi kukasirika akakiri kwamba hana sababu? Aliyeshika jiwe daima anayo.

Kuna neno la tatu. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, hasira na pua huitwa kwa neno moja, pengine kwa sababu aliyeghadhibika huhema kwa nguvu na pua kupata moto. Mtu mvumilivu huelezwa kuwa ni mrefu wa pua, kwa maana kwamba pumzi yake huchukua muda mrefu kabla ya kuwaka. Kwa lugha hiyo, mvumilivu naye anayo hasira. Anachotofautiana na wenzake ni muda.

Waliokusanya hawakuwa vipofu

Yapo maelezo mengine yanayosaidia. Kitabu cha Mithali, sura ya 26, mstari wa nne, kinashauri mpumbavu asijibiwe kwa namna ya upumbavu wake. Mstari wa tano, unaofuata hapo hapo, unashauri ajibiwe. Mgongano huu hauwezi kuwa wa bahati mbaya. Aliyeipanga mistari hiyo bega kwa bega aliiona yote miwili.

Talmudi, hazina ya mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inaeleza kwamba wapo waliotaka Kitabu cha Mithali kiwekwe kando kwa sababu ya kujipinga huko. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba kila mstari una mahali pake: mmoja unahusu mambo ya kidunia, ambako kunyamaza ni bora, na mwingine unahusu mafundisho ya dini, ambako upotofu haufai kuachwa bila jibu.

Hii ndiyo njia ambayo wafafanuzi wa dini zote mbili wameifuata kwa karne nyingi. Amri mbili zinapogongana, swali la kuuliza ni: kila moja inaambiwa nani, wakati gani, na kuhusu nini? Waswahili hufanya hivyo hivyo na methali zao bila kufundishwa. Mzee anayesema leo kwamba haraka haraka haina baraka, na kesho akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, haambiwi kwamba anajipinga. Anaambiwa ana busara, iwapo tu ametumia kila methali mahali pake.

Hasira kwa ajili ya nani?

Kipimo cha kwanza ambacho Maandiko yanakitoa ni mhusika. Katika Marko sura ya tatu, aliyekuwa ameonewa si Yesu bali ni mtu mwenye mkono uliopooza, ambaye watu walikuwa radhi abaki hivyo kuliko aponywe siku ya Sabato. Lakini Yesu mwenyewe alipotukanwa na kupigwa, hakulipiza. Bibi Aisha naye amepokewa akieleza kwamba Mtume Muhammad hakuwahi kulipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake, isipokuwa pale mipaka ya Mungu ilipovunjwa. Kwa mfano huo wa waanzilishi wa dini zote mbili, hasira kwa ajili ya aliyeonewa ni tofauti na hasira kwa ajili ya heshima yangu.

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanayo mifano yao. Mei 21, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Septemba 20, mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 walikufa. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Mtu anayezisoma hesabu hizo mbili bila kukasirika hawezi kujisifu kwamba ana subira. Pengine amezoea tu. Hasira ya namna hiyo ndiyo inayodai uchunguzi, na ndiyo inayomfanya abiria wa kesho aulize idadi ya watu kabla ya kamba kufunguliwa.

Lakini hapa pana mtego. Ukishasema kwamba hasira kwa ajili ya Mungu inaruhusiwa, kila mwenye hasira atadai kwamba yake ni ya namna hiyo. Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere mkoani Geita, mzozo kuhusu nani mwenye haki ya kuchinja mifugo ya kitoweo ulizaa vurugu kati ya Waislamu na Wakristo; mchungaji mmoja aliuawa na watu wengine walijeruhiwa. Hakuna shaka kwamba waliokuwa pale waliamini kuwa wanatetea jambo takatifu.

Ndiyo maana ni muhimu kuisoma habari ya hekaluni hadi mwisho wake. Meza zilipinduliwa, na meza iliyopinduliwa husimamishwa. Fedha zilimwagwa, na fedha zilizomwagwa huokotwa. Waliokuwa wakiuza njiwa, kwa mujibu wa Injili ya Yohana, waliambiwa tu wawatoe nje. Njiwa hawakufunguliwa wakapotea. Hakuna Injili inayotaja maiti hata moja. Na usiku wa kukamatwa kwake, mfuasi wake mmoja alipochomoa upanga na kumkata mtu sikio, Yesu aliamuru upanga urudishwe alani, na Luka anasimulia kwamba sikio lile liliponywa. Hasira inayosifiwa haijafanya jambo lisiloweza kurekebishwa.

Neno linalotangulia jiwe

Kipimo cha pili ni ulimi. Si bahati kwamba Mathayo 5:22 inapanda kutoka hasira kwenda kwenye matusi na majina. Kabla mtu hajapigwa, huitwa. Sokoni Kirumba au stendi ya Nyegezi, neno moja likipigiwa kelele, "Mwizi!", hutosha kugeuza mpita njia kuwa mwindwa. Kijijini, jina la mchawi huanza kama mnong'ono baada ya mtoto kufa au ng'ombe kupotea. Likishamkaa kikongwe, halimtoki. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na huo usio na mfupa ndio unaovunja mifupa ya watu.

Hapo ndipo mgongano wa neno "mpumbavu" unapoanza kufumbuka. Mafarisayo walioitwa wapumbavu katika Mathayo 23 walikuwa viongozi wenye mamlaka, walioambiwa ana kwa ana, hadharani, kwa makosa yaliyotajwa moja baada ya jingine, na walikuwa na uwezo wa kujibu. Kikongwe anayeitwa mchawi usiku nyuma ya ukuta wa nyumba yake hana hata moja kati ya hayo.

Kurani Tukufu inakwenda njia hiyo hiyo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kabla ya hapo, aya ya sita inaagiza kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, watu wasije wakadhuru wengine kwa kutojua kisha wakajuta. Wakati huo huo, Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, inasema Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aliyeibiwa ana haki ya kupiga kelele. Anayesikia kelele ana wajibu wa kuchunguza. Haki ya mmoja haifuti wajibu wa mwingine.

Jua, usiku na sheria

Kipimo cha tatu ni saa. Kuna aya ya Agano la Kale ambayo wachache huikumbuka, ingawa inamhusu mwizi moja kwa moja. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinasema mwizi akikutwa anavunja nyumba na kupigwa hadi kufa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini ikiwa jua limekwisha kuchomoza, hatia ipo, na mwizi anatakiwa alipe alichoiba. Kwa haraka mtu angedhani kwamba aya moja imeruhusu na kukataza jambo lile lile.

Tofauti ni nuru. Usiku mwenye nyumba haoni kama aliyeingia ana panga, hajui amekuja na wangapi, wala hana wa kumsaidia. Anajilinda. Mchana mwizi anaonekana, anatambulika na anaweza kukamatwa. Kumuua hapo si kujilinda tena. Mtuhumiwa aliyekwisha kufungwa kamba na kuzungukwa na watu hamsini mbele ya duka, hata kama ni saa sita ya usiku, yumo katika mchana wa aya hiyo.

Sheria za Tanzania zinatembea karibu na mstari huo. Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda kwa nguvu inayostahili. Inatambua pia kwamba aliyeua kwa kughadhabishwa ghafla, kabla damu yake haijapoa, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya kosa la mauaji, ambalo adhabu yake ni kifo. Lakini anayekwenda nyumbani kuchukua petroli amekwisha kupata muda wa kupoa. Aidha, watu wanaoungana katika nia moja ya kutenda kosa wanaweza kuwajibika pamoja, hata kama jiwe la mmoja wao halikumfikia marehemu. Kundi halimfichi mtu mbele ya sheria.

Kuhusu uchawi, mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri lililotoka Uganda, ilieleza kwamba imani ya mtu kuwa amerogwa haitoshi yenyewe kuwa sababu ya kughadhabishwa, na kwamba utetezi huo unahitaji hasira ya ghafla, si hofu ya madhara yajayo. Hapa tunarudi kwenye neno lile la Zaburi. Majaji walitenganisha kutetemeka kwa namna mbili ambako mioyo ya watu hukuchanganya.

Hadithi nazo zinashughulika na saa na mwili. Aliyekasirika akiwa amesimama anashauriwa akae, na hasira isipomtoka ajinyooshe. Na hakimu amekatazwa kuamua kati ya watu wawili akiwa na hasira. Ikiwa hakimu aliyesoma, aliyesikiliza pande zote mbili, haruhusiwi kuhukumu katika hali hiyo, kundi la watu barabarani limeruhusiwa na nani?

Dola nayo hukasirika

Isidhaniwe kwamba hasira ni ugonjwa wa wanyonge peke yao. Mwaka 1976, kufuatia mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa. Lengo lilikuwa jema: kuwalinda waliokuwa wakiuawa. Lakini watuhumiwa waliteswa wakiwa kizuizini na baadhi yao walikufa. Waliokuwa wamekabidhiwa kazi ya kuuzuia mkono wa hasira waliuiga.

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu kwa sababu ya vifo hivyo, ingawa si yeye aliyempiga mtu yeyote. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa Tanzania, na alipofariki dunia Februari 29, mwaka 2024, kujiuzulu huko kulitajwa miongoni mwa mambo yaliyomjengea heshima. Katika tukio lile, aliyekuwa juu alikubali kuwa na jina. Ndicho kinyume kamili cha "wananchi wenye hasira kali".

Subira isiyo subira

Kama aya za hasira hutumika vibaya, aya za subira nazo hazikusalimika. Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa ageuze shavu la pili, au kwamba Mungu yupo pamoja na wanaosubiri. Anayemwambia hivyo mara nyingi hajawahi kupigwa kofi.

Lakini Yesu aliyefundisha kuhusu shavu la pili ndiye aliyepigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, kwa mujibu wa Yohana sura ya 18, na hakunyamaza: alimtaka aliyempiga aeleze kosa ni lipi. Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 16, baada ya kupigwa viboko bila hukumu na kutupwa gerezani, alikataa kutolewa kimyakimya. Aliwataka mahakimu waje wenyewe kumtoa. Wote wawili hawakurudisha pigo, na wote wawili walidai maelezo. Sura ya Ash-Shura nayo, kama tulivyoona, inamwondolea lawama aliyedhulumiwa anayejitetea, kisha inamwachia yeye mwenyewe heshima ya kusamehe. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Jirani, mjomba au kiongozi wa dini hawezi kuutoa kwa niaba yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mtu hana haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo. Kwenda huko si kukosa subira.

Lawama za wananchi

Haitakuwa haki kuwahubiria watu subira bila kusikiliza lawama zao. Mtaani husemwa kwamba mwizi akipelekwa polisi leo, kesho utamkuta kijiweni akikucheka. Wakati mwingine ni kweli, na inaumiza. Lakini aliyerudi mtaani mara nyingi yuko nje kwa dhamana, na dhamana si kuachiwa huru, shauri linaendelea. Shauri hilo hufa pale walioibiwa wanapochoka kwenda mahakamani na mashahidi wanapoogopa kusema. Mahali ambapo rushwa ndiyo iliyolizima, hasira ya wananchi ina anuani yake, na anuani hiyo si mwili wa kijana aliyekamatwa na simu isiyo yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu kwa sababu hiyo hiyo ya kuchoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Jeshi hilo la jadi lilirudisha usingizi katika vijiji vingi. Lakini pale lilipojigeuza kuwa polisi, hakimu na mtekelezaji wa adhabu kwa mpigo, liliumiza pia wasio na hatia. Nguvu ile ile ilileta matokeo mawili, kutegemea kama mtuhumiwa alisikilizwa au la.

Musa na Harun

Si kila ugumu wa Maandiko unayeyuka. Baada ya Musa kuvunja mbao za sheria, Kitabu cha Kutoka, sura ya 32, kinasimulia kwamba Walawi waliua watu wapatao elfu tatu siku ile. Wafafanuzi hutofautiana kuhusu habari hiyo, na msomaji mwaminifu hapaswi kuirukia. Lakini hakuna mapokeo makuu ya Kiyahudi, Kikristo wala Kiislamu yanayomruhusu muumini wa kawaida kuifanya kibali cha kumhukumu jirani yake.

Tukio hilo hilo limo katika Kurani Tukufu, Sura ya Al-Aaraf, kuanzia aya ya 150. Musa anarudi kwa watu wake akiwa na ghadhabu na huzuni, anaziweka chini mbao na kumkamata nduguye Harun kichwani, akimvuta. Kila kitu kipo tayari kwa maafa. Ndipo Harun anapozungumza: watu walimzidi nguvu, walikaribia kumuua, asihesabiwe pamoja na wakosaji. Musa anamsikiliza. Mara moja anajiombea msamaha yeye na nduguye, na hasira ilipotulia, katika aya ya 154, akaziokota zile mbao.

Musa alikuwa na sababu ya kukasirika, tena kubwa kuliko simu au pikipiki. Alikuwa nabii. Na bado mtu aliyemkamata kwa mikono yake hakuwa mkosaji. Ingekuwa Harun hakupewa nafasi ya kusema maneno yale machache, historia ingemwandika kama mwasi.

Kwa hiyo msomaji akiulizwa kama Maandiko yanajipinga, anaweza kujibu kwamba yanapogusa moyo yanaruhusu, na yanapogusa mkono yanazuia. Moyo unaweza kuwaka kwa ajili ya aliyeonewa. Mkono unatakiwa ungoje hadi mwenye tuhuma asikilizwe, habari ichunguzwe na mwenye mamlaka ya kuhukumu ahukumu. Siku sauti ya "Mwizi!" itakaposikika tena katika mtaa wowote wa Mwanza, mtu mmoja anayeuliza kwa sauti, "Ameiba nini, na nani amemwona?", atakuwa amezitii aya zote mbili kwa pamoja.